Kijana anacheza, au mchezo unamcheza yeye?

Ndugu wazazi, na ninyi vijana wetu, mwezi huu tuongee juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi hapa kambini. Kijana wa miaka 18, 20 au 24 anashinda na simu mkononi. Anacheza Free Fire au PUBG mpaka usiku wa manane. Asubuhi foleni ya maji inampita, na masomo yanampita. Mama akiita, jibu ni lile lile: “Ngoja kidogo mama, namaliza hii moja tu.” Na hiyo moja haiishi.

Je, ni ugonjwa? Mara nyingi hapana. Kijana anayecheza kidogo, halafu anaweka simu chini na kwenda kwenye shughuli zake, huyo tusimsumbue. Lakini kuna wanaofika mbali. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo hili katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Dalili ni tatu:

1. Hawezi kujizuia: kuanza, kuacha, wala kupunguza saa.
2. Mchezo unakuja mbele ya kila kitu: chakula, masomo, ndugu.
3. Anaendelea hata akiona hasara kwa macho yake.

Tena, kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12, na iwe imeharibu masomo, kazi au maisha ya nyumbani.

Hasara yenyewe si ndogo. Mwaka 2005, mjini Daegu, Korea Kusini, mwanamume wa miaka 28 alicheza StarCraft karibu saa 50, akipumzika kidogo sana. Alianguka, akafa. Kazi yake alikuwa ameshaipoteza. Kifo cha namna hiyo ni nadra, lakini kupoteza kazi au mwaka wa shule si nadra.

Kwa nini mchezo unanasa hivyo? Umetengenezwa ili usiuache. Kila dakika chache kuna zawadi au hatua mpya, na zawadi nyingine hujui itakuja lini, basi unaendelea kungoja. Kitabu hakilipi haraka namna hiyo. Tena sehemu ya ubongo inayotusaidia kujizuia inaendelea kukomaa mpaka miaka kama 25. Vijana ambao tangu utoto akili yao haitulii kwenye jambo moja wananaswa kwa urahisi zaidi. Na akikesha, kesho yake akili inazidi kukosa utulivu, kwa hiyo anarudi kwenye simu.

Hapa kwetu kuna jambo lingine. Kijana amemaliza shule, kazi hakuna, anangoja tu. Kwenye mchezo yeye ni mshindi, ana cheo, ana wenzake. Wengine wanakimbia mawazo ya vita. Ukimnyang'anya simu kwa nguvu, unamwacha na mawazo yale yale, na sasa ana hasira pia.

Basi tufanye nini?

– Mzazi, kaa naye wakati ametulia. Muulize mchezo unampa nini. Huyo si mtoto mdogo. Mpatane saa, usimwamuru tu.
– Usiku simu zote zilale mahali pamoja, hata ya baba.
– Mpe kazi yenye heshima: kufundisha wadogo hesabu, mpira, kwaya, bustani, ushonaji.
– Pesa ya bando isitoke kwenye mgao wa chakula.
– Wewe kijana, andika siku 7 saa unazocheza. Karatasi haidanganyi.
– Kama anashindwa kabisa, hali, halali, au anasema hataki kuishi, mpelekeni kituo cha afya mara moja, muombe mshauri. Si aibu.

Msimwite mvivu wala mtu aliyelogwa. Kidole kimoja hakivunji chawa: kijana peke yake hawezi, lakini akiwa na nyumba nzima nyuma yake, ataweza.