Joseph-Antoine Bell: Kipa aliyeponzwa na mdomo, kisha akaajiriwa nao

JUNI 8, 1990, mjini Milan, Cameroon iliifunga Argentina ya Diego Maradona 1-0 katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia. Bao lilifungwa na François Omam-Biyik. Langoni alikuwa Thomas N'Kono. Joseph-Antoine Bell, kipa aliyetarajiwa kuanza, alikaa benchi.

Bell hakuwa majeruhi. Kabla ya mechi aliwaambia waandishi wa habari kwamba timu haikuandaliwa vizuri na haikuwa na nafasi mbele ya Argentina. Kauli hiyo ikamgharimu namba. Cameroon ikafika robo fainali, ya kwanza kwa timu ya Afrika, bila yeye kucheza hata dakika moja.

Kuhusu matokeo, Bell alikosea. Kuhusu maandalizi, miaka minne baadaye hakuna aliyebisha. Nchini Marekani mwaka 1994, wachezaji wa Cameroon walikuwa wakidai posho zao huku mashindano yakiendelea, na Bell, akiwa na miaka 39, alilisema hilo hadharani. Safari hii alianza langoni. Baada ya kipigo cha 3-0 kutoka kwa Brazil, mashabiki wenye hasira waliivamia nyumba yake huko Cameroon. Mechi ya mwisho hakucheza. Urusi ikashinda 6-1.

Nchini Ufaransa, alikochezea Marseille, Toulon, Bordeaux na Saint-Étienne, aliwahi kurushiwa ndizi na mashabiki wa Marseille, klabu aliyoitumikia. Huko nako hakunyamaza.

Alipostaafu, mdomo ule ule ukawa kazi yake. Akawa mchambuzi wa soka wa redio RFI, akisikika kwa Kifaransa katika nchi nyingi za Afrika.

Katika ukanda wetu nako studio zimewapokea wachezaji wa zamani. Tanzania, kwa mfano, imewahi kuwa na Ally Mayay na Amri Kiemba, wote waliowahi kuichezea Taifa Stars. Msikilizaji humsamehe mchambuzi aliyekosea kutabiri matokeo. Lakini anayejua kambi ilivyo na posho zilivyokwama, kisha akazungumzia mfumo wa uchezaji pekee, anamnyima msikilizaji kile ambacho ni mchezaji wa zamani tu angeweza kumpa.