Je, Wajua? Mgodi Ulifungwa, Udongo Ukabaki

Je, wajua kwamba reli ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya abiria? Tawi hilo la kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua lilifika Mpanda mwaka 1950 ili kubeba madini ya risasi. Mwamba wenye madini uligunduliwa mwaka 1934 na J. de la Vallée Poussin, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikachimba katika mgodi wa Mukwamba, ikitoa risasi pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ilibaki, mji ukakua kuizunguka, na tangu 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Leo watu wanatafuta viwanja kila upande.

Je, wajua kwamba mgodi ule ulifungwa miaka 23 kabla Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, halijaundwa? Baraza lilianzishwa mwaka 1983, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tuliyo nayo ni ya mwaka 2004. Siku hizi mwenye mgodi mkubwa hutakiwa kuweka dhamana ya kurudisha ardhi katika hali nzuri atakapoondoka. Mwaka 1960 hakuna aliyedaiwa dhamana ya namna hiyo. Kwa hiyo maeneo mengi ya uchimbaji wa kikoloni nchini yamo katika kundi moja: mwenye mali kaondoka, na kazi ya kupima udongo imebaki mikononi mwa serikali na wananchi.

Je, wajua kwamba risasi haiozi? Mafuta yakimwagika, vijidudu vya udongoni huyala polepole. Sumu nyingi za mashambani huvunjikavunjika kadiri miaka inavyopita. Risasi ni elementi, hivyo haina cha kuvunjikia. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na hadi leo watoto wa mitaa iliyo jirani wanapimwa na kukutwa na risasi nyingi katika damu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Katanga, kuna ushahidi wa muda mrefu zaidi. Mmea uitwao Haumaniastrum katangense hupenda udongo wenye shaba nyingi, na wanaakiolojia waliufuata wakafika mahali palipoyeyushwa shaba katika karne ya 14. Tanuri zilizimika zamani, lakini shaba iliyobaki udongoni bado inachagua ni mmea gani uote pale.

Je, wajua kwamba kupima ardhi ya namna hii huanza bila jembe wala mashine? Hatua ya kwanza ni kuuliza. Mtaalamu hutafuta ramani za zamani za mgodi, picha zilizopigwa kutoka angani na kumbukumbu za ofisi ya madini, kisha anakaa na wazee. Kinu cha kusagia mawe kilikuwa wapi? Mabaki yalimwagwa bonde gani? Mafuta ya mitambo yalihifadhiwa wapi? Nani alikuja baadaye kuchota mchanga wa mgodini kwenda kujengea? Mimi naiona hatua hii kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kirahisi. Mzee aliyefanya kazi mgodini mwaka 1958 akiwa kijana wa miaka 20 sasa amekaribia miaka 90. Kumbukumbu yake haimo katika ramani yoyote, na akishaondoka haitapatikana tena kwa fedha yoyote.

Baada ya hapo mtaalamu hujiuliza mambo matatu kwa pamoja: sumu iko wapi, inapita njia gani, inamfikia nani. Kikikosekana kimoja, hatari haipo. Risasi iliyo mita kumi chini ya mwamba mgumu haimdhuru mtu. Risasi ileile ikiwa vumbi la uwanjani, mbele ya mlango wa nyumba yenye mtoto anayetambaa, hiyo ni dharura. Mtoto hunyonya risasi iliyoingia tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Je, wajua kwamba udongo wenye risasi kiasi kilekile unaweza kudhuru kwa viwango tofauti kabisa? Hapa ndipo kipimo kimoja kinapodanganya. Risasi ikiwa bado ndani ya galena, yaani risasi iliyoungana na salfa, huyeyuka kwa shida tumboni. Galena ikikaa juani na mvuani miaka mingi hugeuka polepole, na sehemu yake huwa kabonati ya risasi, ambayo asidi ya tumbo huiyeyusha kwa urahisi. Ndiyo sababu lundo la mabaki lililozeeka linastahili kuogopwa kuliko jiwe lililotoka shimoni leo. Maabara nzuri haiishii kusema kuna risasi kiasi gani. Hupima pia ni kiasi gani kitaingia mwilini.

Tena katika nchi yenye madini kama Mpanda, udongo unaweza kuwa na risasi ya asili hata pale ambapo sururu haijawahi kugusa. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa pia mbali na mgodi, ili ijulikane kipi ni cha Mungu na kipi ni cha kampuni. Udongo hukusanywa kwa mpangilio wa miraba, tabaka la juu likiwekwa mbali na la chini, kisha huchekechwa. Inayopimwa kwa makini zaidi ni chembe ndogo kuliko milimita 0.15, kwa kuwa hizo ndizo zinazoganda kwenye vidole vya watoto. Siku hizi kuna kifaa cha mkononi kinachotumia miale ya eksirei, kinachosoma risasi papo hapo uwanjani kwa dakika moja au mbili. Kiwango cha tahadhari kwa makazi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Marekani ilikaa miaka mingi na miligramu 400 kwa kilo ya udongo, na mwaka 2024 ikashusha hadi 200.

Je, wajua kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu nao wanaacha ardhi ya kupimwa? Katavi ina mialo mingi ya kuoshea dhahabu na makarasha mengi ya kusagia mawe. Zebaki inayomwagika mwaloni hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na marudio hayo huuzwa yakaoshwe tena kwa sayanaidi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaja desturi hii miongoni mwa zile mbaya kabisa zinazopaswa kukomeshwa, kwa sababu sayanaidi hushikana na zebaki na kuisaidia kusafiri na maji. Na sehemu ya maji ya huku haiendi baharini. Mto Katuma hupita Sitalike, huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi penye viboko na mamba, kisha maji yake huendelea kupitia Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Kinachofika Rukwa kinakaa Rukwa, na samaki wa Rukwa wanaliwa na watu.

Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watu walisaga mawe ya dhahabu yenye risasi majumbani, kwa mashine za kusagia nafaka. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Udongo wa viwanja vya nyumba ulilazimika kukwanguliwa na kufunikwa na mwingine safi kabla watoto hawajaendelea na matibabu, kwani kumpa mtoto dawa na kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kazi bure.

Je, wajua kwamba mara nyingi si lazima udongo wote uhamishwe? Lundo linaweza kufunikwa kwa udongo safi na kuoteshwa majani, maji ya mvua yakachepushwa, na mahali pale pakawa maegesho ya malori au maghala badala ya shule. Fosfeti ikichanganywa udongoni huifunga risasi isiyeyuke kirahisi. London, kabla ya Olimpiki ya 2012, udongo wa viwanda vya zamani ulioshwa kwa mashine na sehemu kubwa ikatumika palepale.

Kuchelewa ndiko ghali. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, uamuzi ukatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa, watu walikuwa bado mahakamani.

Basi ndugu msomaji, ukionyeshwa kiwanja Mpanda mahali ambapo majani hayaoti vizuri, au udongo wake ni mchanga laini wa kijivu au wa rangi ya kutu usiofanana na wa jirani, usitoe fedha siku hiyo. Uliza wazee palikuwa na nini. Uliza ofisi ya ardhi ya manispaa kama udongo umepimwa. Kama haujapimwa, omba upimwe kabla ya kuchimba msingi, na kama una watoto wadogo, usihamie mpaka uyaone majibu.