Pikapu ya Milima ya Keroka: Matairi Kwanza, Kuinua Baadaye

Mwenye shamba katika nchi ya Abagusii aghalabu hana shida ya mvua. Shida yake ni njia. Nchi hiyo hupata mvua ipitayo milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wake mwekundu hustawisha chai, ndizi, mahindi na mboga za kila namna. Walakini udongo ule ule ulishao mimea huteleza kama sabuni ukilowa, na mashamba mengi yamelala ubavuni mwa vilima. Mji wa Keroka, uliopo mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, uko kando ya barabara ya lami itokayo Kisii kwenda Sotik. Mtu akiiacha lami hiyo na kushika njia ya shambani, hachelewi kukutana na mteremko ambao gari la kawaida haliwezi kuupanda asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Hapo ndipo penye hasara. Majani mabichi ya chai hayangoji. Yakikaa yameshindiliwa ndani ya gunia hupata moto na kugeuka rangi, na yafikapo kiwandani ubora wake umekwisha haribika. Mgonjwa naye, au mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, hawezi kungoja jua likaushe njia. Kwa hiyo si ajabu kwamba wenye pikapu hutamani kuzigeuza ziweze kupita matopeni. Shauri hilo ni jema. Ila mara nyingi kazi huanza pasipofaa: fedha ya kwanza hutumika kuinua gari juu, na fedha ya mwisho, ikiwa imesalia, ndiyo inunuayo matairi. Yafaa mpango huo upinduliwe, nasi tutaeleza kwa nini.

FUNZO LA MWAKA 1963

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 mvua ilizidi, na magari 7 tu yakamaliza safari. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: magari 7 tu yalifika mwisho. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki, pamoja na mwenzake Paddy Cliff, na mara zote mbili waliendesha Peugeot 404.

Gari hilo halikuwa refu, wala nguvu ya injini yake haikwenda kwenye magurudumu yote manne; ilikwenda magurudumu ya nyuma tu. Wazee wetu walijua sana 404, kwa kuwa pikapu zake zilibeba abiria na mizigo yao katika njia nyingi za Kenya. Hatusemi kwamba gari la magurudumu manne halina faida. Faida yake ni kubwa. Twasema tu kwamba lililoshinda tope katika miaka hiyo lilikuwa gari zima lililotengenezwa vema, mikononi mwa dereva mwenye busara. Kimo hakikuwa sababu.

MTAKA CHA MVUNGUNI

Methali yetu yasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kununua kitu chochote kipya, mwenye pikapu na alale chini ya gari lake pamoja na fundi wake. Watazame fremu, hasa mahali springi ziliposhikwa, kama pana kutu au ufa. Watazame mipira ya breki, viungo vya usukani, na mafuta ya difu. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yamekwisha ingia. Gari lenye ufa likiinuliwa, ufa ule hupanuka; na breki dhaifu ikipewa matairi mazito zaidi, huwa dhaifu zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gari ni ghali kuliko ukuta wa nyumba.

MATAIRI NDIYO MIGUU

Kitu kigusacho ardhi ni tairi, wala si kingine. Injini yenye nguvu nyingi juu ya matairi yaliyolika ni kama mtu shujaa aliyevaa viatu vya ngozi laini juu ya mwamba wenye maji. Kwa njia za Keroka, ambako mara nyingi tope liko juu na ardhi ngumu iko chini yake, tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, lisilokuwa pana kupita kiasi, hukata tope likafika pagumu. Tairi pana sana huelea juu ya utelezi.

Wengi hupenda matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Hapa hesabu tatu zapasa kukumbukwa. Kwanza, tairi likiongezwa inchi 2 kwa upana wa duara lake, difu huinuka inchi 1 tu, yaani nusu. Pili, duara likiongezeka kwa sehemu 10 katika 100, saa ya mwendo husema uongo: ikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari laenda kilomita 66. Tatu, injini hupata kazi zaidi mlimani na breki hupata kazi zaidi mteremkoni. Basi ongezeko na liwe dogo, tena tairi lisiguse bodi wakati usukani umekatwa hadi mwisho.

Upepo nao ni chombo, na gharama yake ni ndogo. Pikapu ikinasa mahali laini, upepo ukipunguzwa kwa kiasi cha robo au theluthi, tairi hulala na kushika ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Lakini mtu awe na pampu, aurudishe upepo wote kabla ya kupanda lami. Kwani tairi lisilo na upepo wa kutosha likienda mbio hupata moto na kupasuka.

Mwenye pikapu ya magurudumu mawili asikate tamaa. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na huko nyuma ndiko iliko nguvu. Magunia mawili ya mchanga, yakifungwa imara juu ya ekseli ya nyuma, hulishikisha gari chini. Na minyororo ikizungushwa juu ya matairi hufanya kazi ambayo mafundi wengi hudai fedha nyingi kuifanya kwa njia nyingine.

VIFAA VYA KUJINASUA

Fedha ya pili na iende kwenye vifaa: sepetu, panga, mbao mbili ngumu za kuweka chini ya magurudumu, jeki pamoja na ubao wa kuikalisha ili isizame, na kamba nzuri ya kuvutia. Kulabu za kufungia kamba zapasa kushikwa kwenye fremu, mbele na nyuma, kwa bolti zenye nguvu. Kamba isifungwe kamwe kwenye bampa wala kwenye kirungu cha kuvutia trela; vitu hivyo vikikatika huruka kama risasi, na kuna watu duniani waliokufa kwa sababu hiyo.

Mwenye uwezo aweza kufunga winchi. Mikaratusi ni mingi katika vilima vyetu nayo hufaa kushikia kebo, lakini uzungushe mkanda mpana kwenye shina ili kebo isilikate ganda la mti. Blanketi zito likiwekwa juu ya kebo ya chuma huipunguzia mruko ikikatika. Watoto na watazamaji, ambao hawakosekani penye gari lililonasa, waondolewe mbali kabla kebo haijakazwa.

TUMBO LA GARI NA MAJI

Bamba la chuma chini ya injini hukinga kasha la mafuta lisitobolewe na jiwe. Hiyo ni kazi ambayo fundi wa kuchomelea aweza kuifanya mjini, mradi aache matundu ya kupitisha hewa na ya kumwagia mafuta machafu.

Kisha yako maji. Mto Gucha na vijito vyake hujaa ghafula mvua inyeshapo juu milimani. Difu ina kijitundu cha kupumua. Difu yenye moto ikiingia ghafula katika maji ya baridi, hewa ya ndani husinyaa na maji huvutwa ndani. Dawa yake ni mpira mwembamba uunganishwao na kijitundu hicho na kupandishwa juu hadi karibu na boneti. Gharama yake ni ndogo sana, nayo huokoa difu nzima.

Bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi paani nalo husaidia, maana maji yakiingia ndani ya silinda hayashindiliki kama hewa, na vyuma vya injini hupinda. Lakini bomba hilo haligeuzi gari kuwa mashua. Maji yaendayo kasi yakipita magoti ya mtu mzima, dereva na asimame angoje.

SPRINGI NA KUINUA

Sasa twafika kwenye jambo lipendwalo na wengi. Mwenye gari humwambia fundi, “Fundi, niinulie gari hili, lisimame kama ya wale wa mashindano.” Fundi mwema humjibu, “Mzee, litabeba nini, na litapita wapi?” Swali hilo ndilo mwanzo wa kazi njema.

Kuongeza jani la springi hakubadilishi uzito ambao gari limepewa kubeba na waliolitengeneza. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, na fremu ni ile ile. Jani lile huficha tu uzito uliozidi, kwa kuwa gari haliinami tena nyuma. Zaidi ya hayo, springi ngumu mno huinua gurudumu lisiguse ardhi kwenye mashimo, na gurudumu lililo hewani halisukumi kitu. Afadhali springi nzuri za kiasi, pamoja na shokamzoba madhubuti za kutuliza mtikisiko.

Tena kuinua fremu kwa springi hakuinui difu hata kidogo. Tumbo la injini hupanda, lakini difu hubaki pale pale palipo na jiwe. Gari likiinuliwa, mipira ya breki huvutika na viungo vya propela hukaa upande, vikalika mapema. Katika pikapu nyingi upo mkono mdogo uunganishao fremu na ekseli ya nyuma, nao hupima mzigo na kuzigawia breki za nyuma nguvu. Fremu ikipanda, mkono huo hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hupunguziwa nguvu wakati zihitajiwapo. Fundi asiyeurekebisha mkono huo amemharibia mwenye gari breki, ijapokuwa hakuzigusa.

Hatari kubwa kuliko zote ni kupinduka. Tuseme magurudumu ya kushoto na ya kulia yameachana sentimita 150, na kitovu cha uzito kiko sentimita 75 juu ya ardhi. Kwa hesabu ya shuleni gari hilo hupinduka likilala pembe ya digrii 45. Kuinuliwa na magunia yaliyorundikwa yakipandisha kitovu hadi sentimita 100, hupinduka kwenye digrii 37. Njiani mambo ni mabaya kuliko hesabu, maana springi hulala upande wa bonde, na shimo moja dogo laweza kukamilisha kazi. Ikiwa nyuma wamekaa watu juu ya magunia, ajali ya gari imekuwa msiba wa kijiji.

Kwa hiyo mwenye kuhitaji kuinua, na aridhike na kiasi cha inchi 2 au chini yake, mzigo ulale chini na kufungwa, na watu wapande mahali palipotengenezwa kwa watu.

SHERIA NA BIMA

Katika Kenya mageuzi makubwa ya gari hayawi siri ya mwenye gari na fundi wake. Sheria ya barabarani, Sura ya 403, husimamia hali ya magari, na halmashauri ya NTSA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo iandikishayo magari na kuyakagua. Mtu na aulize kabla ya kukata chuma, si baada. Aiarifu pia kampuni yake ya bima kwa barua, na nakala aiweke nyumbani. Kwani kampuni iliyoficwa mabadiliko yaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Mwisho kuna dereva. Mlimani achague gia ndogo kabla ya kuanza kupanda, asiibadilishe katikati. Mteremkoni aiachie injini kazi ya kuzuia, asikanyage breki kwa ghafula. Na magurudumu yakianza kuteleza yamefungwa, aachilie breki yapate kuzunguka tena na usukani upate kutii. Mahali asipopajua ashuke, atembee kwa miguu, atazame. Mwenda pole hajikwai.

Basi mkulima aliye na akiba ndogo na aitumie kwa taratibu hii: matengenezo, matairi, vifaa vya kujinasua, kinga ya tumbo na difu, springi za kiasi. Pengine akifika hapo ataona kwamba majani yake ya chai yafika kiwandani siku ile ile yaliyochumwa, na fedha ya kuinua gari yaweza kulipa karo ya mtoto.