Michoro ya Kolo na Programu Isiyochagua Kompyuta

Msafiri atokaye Kondoa kwenda Babati hupita Kolo, chini ya vilima ambavyo miamba yake ina michoro ya kale ya watu na wanyama, mingi ikiwa ya rangi nyekundu ya ngeu. Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo jua, maji na vumbi vinaendelea kuifuta. Mahali pengine jicho haliambulii ila waa.

Wapiga picha wengine wa zamani walikuwa wakilowesha mwamba ili rangi ikolee, jambo linaloharibu mchoro wenyewe. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa kwa hesabu, bila kugusa jiwe. Kila nukta ya picha ya kompyuta ni namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, kuanzia 0 hadi 255. Tuseme mwamba una 150, 120 na 95, na rangi iliyofifia ina 150, 114 na 90. Tofauti hiyo ni ndogo mno, tena imefunikwa na mwanga na kivuli, ambavyo huzipandisha na kuzishusha namba zote tatu kwa pamoja. Hesabu hutenganisha mwendo huo wa pamoja, kisha huzitanua tofauti ndogo zilizobaki mpaka zionekane. Wataalamu wa picha za anga waliitumia mbinu hii kwanza. Mwaka 2005 Jon Harman aliitengenezea programu ya michoro ya miambani, DStretch.

DStretch haisimami peke yake. Hukaa juu ya ImageJ, ambayo kwake ni maktaba, yaani mkusanyo wa sehemu zilizokwisha andikwa za kufungua picha, kuionyesha na kuihifadhi. Mwandishi wa ImageJ, Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alitangulia kuandika NIH Image mwaka 1987, kwa Macintosh tu. Mwenye kompyuta ya namna nyingine alibaki mlangoni. Mwaka 1997 akaanza upya kwa lugha ya Java.

Kwa nini Java? Programu huandikwa kwanza kwa maneno ambayo binadamu aweza kuyasoma. Hayo ndiyo asili yake, na kompyuta haiyatekelezi mpaka yafasiriwe. Kwa lugha nyingi tafsiri hufaa aina moja tu ya mashine. Anayezihudumia Windows, Macintosh na Linux hana budi kujenga mara tatu, na mara nyingi kurekebisha asili yenyewe, maana kila mfumo una namna yake ya kufungua dirisha. Java hufasiri asili kwa lugha ya kati, isiyo ya mashine yoyote. Kisha kila kompyuta huwekewa mkalimani wake.

Asili ya ImageJ iko wazi kwa umma, na mwanafunzi aweza kuijenga mwenyewe. Mafaili yaishiayo na .java hupitishwa katika kifasiri, yanatoka mafaili ya .class, nayo hufungwa pamoja katika faili moja, ij.jar. Faili hilo hilo hufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Tatizo huja pale kifasiri kinapokuwa kipya na mkalimani wa zamani, kama itokeavyo kwenye kompyuta kuukuu za shule: mkalimani hukataa kabisa. Dawa ni kukiamuru kifasiri, wakati wa kujenga, kilenge toleo la zamani.

Rangi zinazotokea kwenye kioo si za mchoraji. Swala wa zambarau hakuchorwa hivyo Kolo, na picha ya namna hiyo isiyo na maelezo humpotosha msomaji. Kwa michoro myekundu hujaribiwa kwanza mipango iitwayo YRE na LRE. Jina la mpango uliotumika na toleo la programu huandikwa kando ya picha, na picha ya awali huhifadhiwa kama ilivyotoka kwenye kamera.