Pikipiki Kuukuu ya Mapigo Mawili: Namba Zake, Mafuta Yake na Mteremko wa Bugarama

Jioni katika vilima vya Gasorwe, pikipiki ya namna hii husikika kabla haijaonekana: mlio wa juu, mkali, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya debe, kisha mkia wa moshi wa samawati. Ni pikipiki ya mapigo mawili. Zinazojulikana zaidi katika nchi zetu ni Yamaha mbili: AG100, iliyoundwa kwa kazi za shambani, na DT125, nduguye mwenye tabia ya kimichezo, wa ukoo ulioanza na DT-1 mwaka 1968. Wengi wetu tulizifahamu utotoni kupitia mabwana shamba na mapadri. Zilipochoka ziliwekwa stoo, na sasa watoto na wajukuu wanazitoa na kuzifufua nyumbani. Ni kazi ya heshima. Ila ikifanywa vibaya, mwenye pikipiki huletwa mbele yetu kwa njia mojawapo ya mbili, akiwa mshukiwa au akiwa majeruhi, na hakuna kati ya hizo tunayoitaka.

Kijana mmoja alirithi DT125 ya baba yake: fremu yenye kutu, na injini iliyofunguliwa vipande vipande ndani ya gunia. Kasha la chini la injini, lile linaloibeba krenki, lilikuwa limepasuka. Akavuka mpaka, akanunua jingine sokoni, kuukuu, bila hata kipande cha karatasi. Akaipenda kazi yake mno, akaling'arisha kasha lote kwa tupa na msasa, pamoja na pale palipogongwa namba. Siku ya kwanza barabarani akasimamishwa. Namba ya fremu ililingana na kadi. Ya injini haikuwepo kabisa. Pikipiki ilizuiwa wiki tisa. Kijana hakuwa mwizi. Lakini aliyefuta namba kwa kupenda urembo na aliyefuta namba kwa kuficha wizi huacha alama ileile, na askari aliyeinama kuitazama hana jicho la kuona nia. Ni haki tuseme pia kwamba wiki tisa zilikuwa nyingi kupita kiasi, na kwamba yule aliyemwita mwizi mbele ya watu alikosa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, tambueni ni sehemu zipi za pikipiki zenye utambulisho. Ni mbili tu. Ya kwanza ni fremu, ambayo namba yake hugongwa kwenye shingo ya usukani. Ya pili ni kasha la injini. Silinda, pistoni, ringi, kabureta na eksozi ni vipuri vya kuchakaa. Nunueni popote penye duka halali, mtunze risiti. Lakini anayebadili kasha la injini amebadili nusu ya jina la pikipiki. Nendeni kwanza kwenye Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR) mkaulize namna ya kurekebisha kadi, na kama kasha linatoka Tanzania, lipitisheni forodhani Kobero pamoja na hati ya mauzo yenye jina la muuzaji na namba ya kipuri. Wakati wa kusafisha, paka grisi juu ya namba na kuifunika kwa utepe. Msiipige tupa, msiichomelee karibu yake, msiifukie kwa rangi nzito. Pigeni picha ya namba zote mbili kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Sasa tuingie ndani ya injini yenyewe. Hapo ndipo roho ya mtu inapowekwa rehani.

Injini ya mapigo manne, kama ya pikipiki nyingi za biashara za leo, ina hodhi la oili chini yake. Ya mapigo mawili haina. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza ndani ya kasha la krenki, pistoni ishukapo husukumwa juu kwenye silinda, na oili inayolainisha kila kitu husafiri pamoja na petroli hiyo, kisha huungua. Ndiyo asili ya ule moshi. Maana yake ni kwamba petroli ikikoma kupita, na ulainishaji umekoma.

Katika ukarabati, wengi hukimbilia pistoni na kusahau sili za krenki. Sili hizi mbili za mpira hukauka pikipiki ikikaa miaka mingi bila kutembea. Ya upande wa sumaku ikivuja, injini huvuta hewa ya ziada, mchanganyiko huwa mwepesi, na pistoni hupata joto kupindukia. Ya upande wa klachi ikivuja, injini huinywa oili ya gia. Moshi mweupe hauishi na mwenyewe hashangai kwa nini oili ya gia inapungua. Badilisheni zote mbili hata kama zinaonekana nzima. Ringi nazo zitazameni kwa makini: kwenye mfereji wa pistoni kuna pini ndogo, na ncha za ringi lazima zikutane hapo, la sivyo zitanasa kwenye matundu ya silinda na kuvunjika. Mshale ulio juu ya pistoni huelekea upande wa eksozi. Nati za kichwa hukazwa kwa kupishana, kidogo kidogo.

Pikipiki hizi zilitoka kiwandani na pampu ndogo ya oili. Baada ya ukarabati, pampu hujaa hewa. Itoeni hewa hiyo, na tangi la kwanza litieni petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, iwe kinga maradufu. Kama pampu ilikwisha kuondolewa, kipimo cha zamani ni mililita 40 hadi 50 za oili ya mapigo mawili kwa kila lita ya petroli. Oili ya gari haifai, kwa kuwa haikuundwa kuungua. Wala msidhani kuzidisha oili ni kuzidisha usalama: tone la oili likichukua nafasi ya petroli, mchanganyiko huwa mwepesi, na joto hupanda.

Petroli ya chupa inayouzwa vichakani nyakati za uhaba tunaisema kwa ufupi. Mara nyingine huchanganywa na mafuta ya taa, ambayo huifanya injini igonge na huweza kutoboa pistoni. Ni magendo pia. Na madumu yake yakilazwa chumba kimoja na watoto, hatuhitaji kueleza yanayoweza kufuata.

Urekebishaji wa mwisho ni wa kabureta, na hapa nchi yetu ina ugumu wake. Muyinga iko juu ya mita 1,500. Bujumbura, ufukoni mwa Tanganyika, haifiki mita 800. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo fundi hapa huweka jeti ndogo, yaani kile kijitundu cha shaba kinachopima petroli, ili pikipiki isizibwe na petroli nyingi. Jeti hiyohiyo ikishuka ziwani, kwenye hewa nzito, hutoa petroli kidogo kuliko inayohitajika. Dalili huonekana kwenye buji, ambayo wenzetu wa Ngara huiita plagi. Endesheni kwa kasi, zimeni ghafla huku klachi imebanwa, mfungue buji baada ya kusimama. Rangi ya kahawa iliyokaangwa ni njema. Nyeusi yenye unyevu ni petroli iliyozidi, hasara ya fedha tu. Nyeupe kama chokaa ni hatari: pistoni inakaribia kuyeyuka.

Tukumbushe na eksozi, kwa sababu malalamiko ya kelele hutufikia karibu yote kwa njia hiyo. Vijana huikata wakiamini kwamba bomba wazi huongeza nguvu. Katika mapigo manne mtu angeweza kubishana. Katika mapigo mawili ni kinyume chake. Lile tumbo la eksozi hurudisha wimbi la shinikizo hadi kwenye silinda, likairudisha ndani petroli iliyoanza kutoroka kabla haijaungua. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeikomaza elimu hiyo kuliko wengine. Septemba 1961, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, dereva wake Ernst Degner alitoroka akiwa mashindanoni Uswidi, akaihamishia elimu hiyo Suzuki, na mwaka uliofuata Suzuki ikatwaa naye ubingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 50. Watu wa mipakani mtaelewa upesi jinsi kitu kilichomo kichwani kisivyokaguliwa forodhani. Basi anayeikata eksozi kwa msumeno anaitupa kazi hiyo yote, ananunua kelele. Ioneni tu kama imeziba masizi, mkaisafishe.

Linabaki jambo ambalo mafundi hulisahau, nasi tunalikumbuka kwa sababu ndio tunaofika kwanza mahali pa ajali. Kutoka Bugarama, juu ya mita 2,000, barabara kuu inashuka hadi Bujumbura kwa kona zisizokwisha, kati ya malori na vijana wa baiskeli. Mwendeshaji aliyezoea pikipiki ya mapigo manne huachia mafuta kabisa na kuiacha injini imshikilie. Katika mapigo mawili yenye oili iliyochanganywa kwenye tangi, injini huzunguka kwa kasi huku haipati petroli, kwa hiyo haipati oili. Pistoni hupanuka, hung'ang'ania silinda, na gurudumu la nyuma hukwama papo hapo. Mtu huanguka bila hata kugusa breki.

Anayeteremka avute mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, hata kama haitaji mwendo, na vidole viwili visiondoke kwenye mkono wa klachi. Injini ikikaza, abane klachi mara moja. Gurudumu litazunguka tena. Kabla ya Bugarama asimame, abadilishe jeti. Ile kubwa huenea kwenye kiberiti, pamoja na buji ya akiba na nakala ya kadi.