Asili na Maana ya Jina la Ukoo Meyer
Wasomaji wa historia ya Mlima Kilimanjaro hulifahamu jina Meyer kupitia kwa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini maior, yaani mkubwa. Ukubwa huo usimpotoshe msomaji, kwani katika Zama za Kati Meyer alikuwa msimamizi tu wa shamba la bwana au la kanisa, aliyekusanya kodi na mazao kwa wakulima. Wasimamizi hao walikuwa wengi vijijini, hivyo jina likaenea mno. Kwa familia nyingi za Kiyahudi chimbuko ni jingine kabisa: jina la Kiebrania Meir, mwenye kuangaza.

Meyer, Meier, Maier, Mayer na Mayr hutamkwa karibu sawa, lakini kinachotambulika kisheria ni tahajia iliyomo katika daftari la usajili. Aidha, kutokana na wingi huo, mamlaka za Ujerumani hulihesabu miongoni mwa majina yasiyotosha kumtofautisha mtu, na mwenye nalo anaweza kuomba kulibadilisha.