Darasa la Falaki Uwanjani

Tarehe 1 Septemba 2016 wananchi walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama kupatwa kwa jua. Mwezi ulikuwa mbali kiasi cha kutoweza kulifunika jua lote. Ikabaki pete ing'aayo kwa dakika 3 hivi.

Mkusanyiko wa namna hiyo ni darasa, nao wahitaji mwalimu. Atazamaye jua kwa macho matupu huunguza jicho bila kusikia maumivu.

Mwalimu asingoje darubini. Na atoboe kitundu katika karatasi ngumu. Wanafunzi waligeuzie jua migongo, waitazame sura yake ikiangukia karatasi ya pili. Tarehe 2 Agosti 2027 sehemu ya jua itapatwa ikionekana Afrika Mashariki. Yafaa tuanze kufundisha sasa.